Wapagazi wa Usambara na Kumbukumbu ya Vita

Mgeni apandaye Lushoto kutoka Mombo hupitia Soni, na kabla hajafika mjini amekwisha kuonyeshwa maporomoko ya maji, mashamba ya kabichi na mipichesi iliyopandwa kando ya njia. Akifika huonyeshwa majengo ya Mjerumani. Huambiwa kwamba mji huu uliitwa Wilhelmstal kwa jina la Kaisari, kwamba wakubwa wa serikali ya Kijerumani walikuja hapa kulikimbia joto la pwani, na kwamba baridi yake yashabihi ile ya Ulaya. Yote hayo ni kweli. Lisilosemwa ni kwamba milima hii ilipitiwa na vita vitatu katika muda usiozidi miaka 60: vita vya Wakilindi wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani vya 1888 na 1889, na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliyowashukia wenyeji mwaka 1914. Mgeni hurudi kwake na picha za majengo, wala hajui ni nani aliyebeba mawe ya kuyajengea.

Songea ina Makumbusho ya Majimaji, mahali walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kalenga, karibu na Iringa, ina makumbusho ya Mtwa Mkwawa, na ndani yake fuvu la kichwa chake lililorejeshwa mwaka 1954. Kaboya, mkoani Kagera, kuna mnara na makaburi ya wanajeshi wetu waliokufa katika vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin ya 1978 na 1979. Tanga mjini, Boma la zamani la Wajerumani limefanywa makumbusho ya Urithi. Lushoto haina makumbusho ya vita yenye hadhi ya hayo, wala haina mnara wa kumwonyesha kijana wa Kishambaa kwamba hapa babu zake walichukuliwa, wakatwishwa mizigo, na wengi wao hawakurudi. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumzia leo na wakubwa wanaohusika.

Msomaji wa visiwani anaweza kuuliza yatuhusu nini. Lushoto tunaijua sokoni, kwa mboga na matunda yake. Lakini historia ya milima ile na historia ya visiwa vyetu zimefungwa kamba moja. Aliyetuandikia habari za watawala wa Usambara, Abdallah bin Hemedi, alikuwa mtu wa huku pwani, Mwislamu mwenye elimu aliyekuwa katibu wa Semboja wa Mazinde kabla ya kuwa liwali wa Tanga. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilipigwa chapa Magila, katika misheni iliyokuwa chini ya Askofu wa Zanzibar. Bunduki zilizoirarua nchi ya Kimweri baada ya kufa kwake zilipanda kutoka Pangani na Tanga, na watumwa walioshuka kwa njia ile ile waliletwa kulima mikarafuu ya Unguja na Pemba. Jambo hili la mwisho halipendezi kusimuliwa, lakini makumbusho yatakayolificha hayatakuwa makumbusho. Yatakuwa duka la kuuzia picha.

Hata Vita Kuu yenyewe iliwafikia watu wa visiwani mapema. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia karibu na bandari ya Zanzibar na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yako katika kisiwa cha Chapwani mpaka leo, yenye majina na tarehe. Vita vilipokwisha, Zanzibar ilijengewa nyumba ya kumbukumbu ya amani, ile Beit el Amani ya Mnazi Mmoja iliyofunguliwa mwaka 1925, yenye kuba kama msikiti. Wengi wetu tulipelekwa pale tulipokuwa watoto wa skuli tukaona wanyama waliokaushwa na vyombo vya kale, wala hatukuambiwa kwamba nyumba ile ilikuwa kumbukumbu ya vita. (Si ajabu kwamba kule Usambara Mashariki pia pana Amani, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Wakati wa vita, magome ya mikwinini ya Usambara yalitumiwa kutengenezea dawa ya homa ya jeshi lao, baada ya manowari za Kiingereza kuifunga pwani. Majina mazuri hayazuii kitu.)

Tuitazame sasa vita yenyewe jinsi ilivyopita milimani. Tarehe 2 Novemba, 1914, meli za Waingereza zilitokea mbele ya Tanga zikiwa na askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliokaa baharini kwa majuma mengi. Walioilinda Tanga walikuwa kama 1,000, na sehemu kubwa yao waliletwa kwa garimoshi kutoka Moshi, kwa reli ile ile ya Usambara inayopita chini ya milima kwa Mombo na Korogwe. Mapigano makubwa yalikuwa ya tarehe 4. Waingereza walishindwa vibaya, wakarudi melini na kuacha nyuma bunduki 455, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Nyuki walioghadhibika waliwavamia askari porini, na habari ya nyuki hao ndiyo isimuliwayo zaidi kuliko habari nyingine yoyote ya siku ile. Yachekesha, na kwa hiyo yadumu. Tungependa zidumu na nyingine.

Katika waliokufa siku ile upande wa Wajerumani alikuwamo Tom von Prince. Huyu ndiye afisa aliyepigana na Wahehe miaka mingi, akashiriki kuliangusha boma la Kalenga mwaka 1894, kisha akastaafu jeshini na kujipatia shamba Usambara, karibu na Soni. Waafrika walimpa jina la Sakarani, yaani mlevi, na inasemwa kwamba kilichomlevya kilikuwa vita. Shamba lake lilishika jina lile, na jina hilo liko mpaka leo, hata baada ya shamba kuingia mikononi mwa watawa wa Kibenediktini. Basi fikiri, msomaji: mtu aliyeivunja Iringa ameacha jina lake katika ramani ya Lushoto, na wageni hupelekwa Sakharani kuonja divai. Hatusemi jina lile lifutwe. Twasema kwamba anayepelekwa pale aambiwe Sakarani alikuwa nani, alifanya nini Uhehe, na alikufa wapi. Hilo halihitaji fedha nyingi. Lahitaji ubao mmoja na mtu wa kuuandika kwa Kiswahili fasaha.

Na kabla ya vita hiyo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuionyesha milima hii namna ya utawala wao. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, aliyekuwa akitawala Vugha, makao ya kale ya wafalme wa Kikilindi. Tangu mwaka 1907, mwanamume wa Usambara Magharibi alipewa kipande kilichomlazimisha kufanya kazi siku 30 kwa Mzungu katika kila miezi minne. Vipande hivyo ndivyo vilivyoyapatia wafanyakazi mashamba ya walowezi. Anayeistaajabia Wilhelmstal ya kale na bustani zake aonyeshwe kipande pamoja na bustani.

Katika Juni 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilishuka kando ya reli, likachukua Mombo, Wilhelmstal na Korogwe. Wajerumani walikuwa wakijitoa kuelekea kusini, na mizigo yao ilisukumwa kwa vigari vya reli nyembamba waliyoitandika kutoka Mombo kwenda Handeni. Waliosukuma ni akina nani? Washambaa, Wabondei, Wazigua. Majeshi yote mawili yalitumia watu wa nchi hii kama punda, kwa kuwa punda wenyewe na farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Jeshi moja lilipoondoka, jingine liliingia na kudai wapagazi katika vijiji vile vile.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Inakadiriwa kwamba wapagazi waliotumiwa na Waingereza peke yao katika vita ya Afrika Mashariki walikaribia milioni moja. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe walikufa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi hukisia kwamba waliokufa hasa walikaribia 100,000. Wachache sana waliuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, na homa ya mapafu, na njaa, na mzigo. Watu waliozoea wali walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na usioiva, matumbo yao yakaharibika njiani, na aliyeanguka aliachwa. Jina la Kariakoo, linalotajwa kila siku na mamilioni ya watu Dar es Salaam bila ya kufikiri, latokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Wengine huko hujua hivyo. Wengi hudhani ni jina la soko tu.

Kutoka visiwani pia walikwenda. Mwaka 1916 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Zanzibar, akitembea nao kwa miguu pwani ya bara. Askofu huyu ana haki ya kutajwa, maana baada ya kuwashutumu Wajerumani kwa jinsi walivyowatendea Waafrika, aligeuka mwaka 1920 akaishutumu serikali ya Uingereza yenyewe kwa kazi za kulazimishwa. Walimu Waafrika wa misheni yake katika Bonde, chini ya milima ya Usambara, walikamatwa na Wajerumani wakati wa vita kwa kushukiwa kuwapenda Waingereza, wakafungwa mbali na makwao. Lakini yeye tunalijua jina lake, vitabu vyake tunavyo. Mpagazi wa Ng'ambo au wa Makunduchi aliyemfuata nyuma na mzigo kichwani, nani ajuaye jina lake?

Linalotuudhi si kusahau kwa bahati mbaya. Ni uamuzi uliofanywa. Vita vilipokwisha, Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Kiingereza iliahidi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa sawa na mwenzake, afisa na askari wa kawaida. Makaburi ya Wazungu yakapangwa safu kwa safu, kila mtu na jiwe lake. Wapagazi hawakupewa mawe. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 maofisa wa Tanganyika walikubaliana kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi porini upesi iwezekanavyo. Badala ya majina ilisimamishwa sanamu ya Askari Dar es Salaam mwaka 1927, na nyingine Nairobi na Mombasa, kwa ajili ya wote kwa jumla. Ile ya Dar es Salaam ilisimama mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa na baadaye ikapelekwa Hamburg, ikasimama huko mpaka wanafunzi wa Kijerumani walipoiangusha katika miaka ya 1960.

Tume hiyo ya makaburi, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti yake Aprili 2021 na kukiri yenyewe kwamba ubaguzi ulitawala kazi yake ya zamani. Ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, Waafrika na Waasia, walikumbukwa pungufu ya wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na labda kufikia 350,000, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa ya hao ni ya Afrika Mashariki na Misri. Waingereza waliomba radhi. Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mbele ya makaburi ya Majimaji, naye akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake.

Twayapokea maneno hayo kwa heshima yanayostahili. Lakini msamaha wa Rais wa Ujerumani ulitolewa Songea kwa sababu Songea pana mahali pa kuutolea. Wananchi wa huko waliyatunza makaburi yao, wakasimulia, wakajenga, na makumbusho yale yakapata kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Mgeni wa cheo kama kile angeletwa Lushoto angesimama wapi? Angesimama mbele ya jengo la Mjerumani, akasifu ufundi wa wajenzi wa kwao.

Kuna wasemao kwamba makumbusho ni anasa, na kwamba wilaya yenye barabara zinazoporomoka kila masika ina haja nyingine kwanza. Hoja hii si ya kupuuzwa, na aliyewahi kuipanda barabara ya Mombo wakati wa mvua hataipuuza. Wala hatuombi jumba jipya la ghorofa na jiwe la msingi la kuzinduliwa kwa ngoma. Tumeona majumba ya namna hiyo yakifunguliwa kwa shangwe na kufungwa kwa kufuli. Lushoto imejaa majengo ya kale, na chumba kimoja katika mojawapo, chenye paa zima na mlinzi anayelipwa mshahara wake kwa wakati, chatosha kuanzia. Wengine wanataka kazi yote waachiwe wenye mahoteli na wafadhili wa kigeni. Hao tunawapinga. Mwenye hoteli ataonyesha kile kinachompendeza mteja wake, na mfadhili wa Kijerumani, hata akiwa mtu mwema, hawezi kuachiwa peke yake kazi ya kueleza kile kipande kilikuwa nini.

Kazi ya kwanza ni majina. Kumbukumbu za serikali ya Wajerumani zimo katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na za utawala wa Kiingereza wa visiwani zimo katika Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wanaweza kupewa kazi ya kuzipekua kwa ajili ya orodha za wapagazi, malipo yao na vifo vyao. Wakati huo huo watumwe vijijini, Vugha, Mlalo, Bumbuli, Mtae, wakawasikilize wazee. Hapana tena mzee aliyeiona vita ile kwa macho yake. Wapo waliosimuliwa na baba zao waliokuwa watoto wakati wapagazi wanachukuliwa, na hao nao wanaondoka. Orodha itakayopatikana haitakuwa kamili, na ibandikwe hivyo hivyo, na nafasi iachwe chini ya jina la mwisho.

Kazi ya pili ni kuamua nani mwenye dhamana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, Makumbusho ya Taifa yapo, halmashauri ya wilaya ipo, na upande wa Zanzibar iko idara ya makumbusho na mambo ya kale. Vyombo vinapokuwa vingi kila kimoja hungoja chenzake. Kwa kuwa vita vyenyewe havikutambua mpaka kati ya Tanga na Unguja, twashauri idara za pande zote mbili zikae pamoja juu ya jambo hili. Beit el Amani irudishiwe maana yake ya kwanza kwa chumba kimoja cha vita ya 1914 na wapagazi wa Zanzibar, na Lushoto ipewe chumba cha wapagazi wa Usambara, maelezo ya vyumba hivyo viwili yakiandikwa na watu wamoja ili yasipingane.

Mombasa kuna mizinga miwili ya kale karibu na Ngome ya Yesu, mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg. Königsberg ilipozamishwa katika mto Rufiji Julai 1915, Wajerumani waliitoa mizinga yake, na mamia ya Waafrika wakaikokota kwa kamba katika matope mpaka Dar es Salaam, ikaenda kupigana nchi kavu. Mizinga hiyo leo hupigwa rangi, hupigwa picha, na kila mmoja una historia yake iliyoandikwa: ulitengenezwa wapi, ulipiga wapi, ulitekwa lini. Waliokokota hawana hata ubao.

Wizara inayohusika na mambo ya kale na Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto zina muda kabla ya makadirio ya mwaka wa fedha ujao kusomwa. Chumba, mlinzi, nauli za wanafunzi wa kwenda vijijini, mbao tatu za maelezo kwa Mombo, Soni na Lushoto mjini. Tungependa kuona fungu hilo limeandikwa katika makadirio, na jina la ofisi itakayoulizwa likiwa limeandikwa kando yake.